Bata Mzinga Asiyekauka

Katika nchi yetu nzima, kuanzia mpaka wa kaskazini hadi kwenye lile bango la kusini linalosema "Karibu Tena" hata kwa watu ambao hawajaruhusiwa kutoka, hakuna anayejua kutunza siri kama mimi, Mlekwa wa kijiwe cha bodaboda cha Njiapanda. Ukiniambia jambo, umeliambia jiwe. Mama yangu mzazi mpaka leo hajui nilipata divisheni gani kidato cha nne, na ni yeye aliyekwenda kusoma matokeo ukutani. Kwa hiyo haya ninayoandika si umbea. Ni kumbukumbu tu, ili watu waache kunitazama kwa jicho la pembeni nikienda kununua vitumbua.

Jina la nchi sitalitaja, nina adabu zangu. Wewe jua tu kwamba ina amani, na kwamba anayesema haina amani hutafutwa kwa amani mpaka anapatikana.

Mambo yalianza pale Mlezi wa Taifa alipotutangazia kwamba serikali imetuletea pikipiki elfu arobaini, mpya, moja kwa moja kutoka kiwandani, "zikiwa bado na joto la tanuri." Tukaenda kuzipokea kwa ngoma na vigelegele. Dokta Kibwerere, wakati huo akiwa Mkurugenzi wa Magurudumu Mawili, alipanda juu ya kasha akahutubia kwa saa tatu. Udaktari wake hakuna aliyejua ni wa nini, lakini alikuwa nao hata kwenye leso.

"Ndugu wananchi," alisema, "rangi mnayoiona inaitwa Kijivu cha Kiwandani. Mlezi ameichagua mwenyewe kwa mkono wake, baada ya kuzikataa rangi nyingine zote, kwa sababu rangi zile zina maoni."

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Rangi zenye maoni za nini?

Basi tukazipanda. Na hapo ndipo kulipotokea kasoro ndogo, ambayo siyo kasoro, ni changamoto. Pikipiki zote elfu arobaini zilikuwa pacha. Usiniulize habari za namba za usajili. Zilikuwepo, ila, kwa heshima, zote zilikuwa namba moja: tarehe ya kuzaliwa ya Mlezi. Mtu akitoka sokoni anapanda pikipiki, anafika nyumbani, mkewe anamuuliza, "Baba Tunu, hili tenga la kuku la nani?" Mkunga wa zahanati alifika kwa mama mwenye uchungu, akafungua begi, akakuta spana na bomba la plastiki. Fundi bomba naye, upande wa pili wa mji, alikuwa anatazama sinki linalovuja huku ameshika mkasi wa kukatia kitovu.

*

Aliyetuokoa ni Fundi Ngwali. Huyu nilikaa naye dawati moja miaka minne, na penseli zake nilizitumia mimi. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya saluni, mpaka siku moja alipochukua bomba la kupulizia dawa ya mikorosho, akalifunga kwenye pampu ya mguu, akajaribu kupuliza rangi kwenye tangi la pikipiki yake. Akajichorea ndege kengewa. Kesho yake watu kumi walisimama mlangoni kwake.

Ngwali alikuwa na taratibu zake, na taratibu hizo naomba uzikumbuke.

Ya kwanza, mteja hachagui picha. Anakalishwa kwenye kigoda, anapewa chai ya tangawizi, anaongea. Ngwali anasikiliza huku anapiga msasa. Mwisho anasema, "Haya, nimekuona," basi. Utakachochorewa utakijua ukikikuta.

Nyingine ni ya rangi. Alichanganya rangi ya mtu mara moja tu. Ikibaki hata kijiko, anaimwaga ukutani. Ule ukuta wake ulikuwa kama shuka la mtoto mgonjwa, lakini usingepata madoa mawili yanayofanana. "Rangi ya mtu ni ya mtu," alikuwa akisema.

Na kazi ilikuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza msasa na praima, ya pili rangi, ya tatu vanishi. Kati ya rangi na vanishi, pikipiki haiguswi. "Saa ishirini na nne," Ngwali alimwambia kila mtu, huku ameinua kidole chenye rangi saba. "Hata inzi asitue."

Mji ukabadilika, ndugu yangu. Mkunga alipata kiganja kilicho wazi, rangi ya samli. Mzee Shaame, mpiga tarumbeta wa gwaride, alichorewa kobe, akalia kwa furaha, akasema miaka yote amekuwa akijiuliza yeye ni nani. Kombo, mwenzetu wa kijiweni, alipata birika, kwa kuwa anachemka upesi na anapoa upesi. Watu wakaacha kupotezana. "Nipeleke kwa Birika." "Kiganja yuko wapi, dada ameshikwa na uchungu!" Miezi mitano hakuna aliyerudi nyumbani na kuku wa mwenziwe.

*

Zamu yangu ikafika Jumatatu moja. Nikakaa kwenye kigoda, nikanywa vikombe vinne, nikaongea. Sikumwambia Ngwali nataka nini, maana taratibu zinakataza. Nilitaja tu neno chui kama mara kumi na sita.

Katikati ya maneno yangu, msasa ukanyamaza.

"Mlekwa, sogea uone."

Nikasogea. Chini ya kijivu kulikuwa na njano, njano ya papai bivu. Na juu ya njano kulikuwa na maandishi ya kigeni, na picha ya kuku wa kukaanga aliyekuwa anatabasamu. Kwa nini kuku wa kukaanga atabasamu, hilo mimi sijui.

"Nini hii?" nikauliza.

"Kuku."

"Kuku namuona. Anafanya nini chini ya Kijivu cha Kiwandani?"

Ngwali alikwenda kurudisha mlango, akaja kuchuchumaa karibu yangu. "Zote ziko hivi. Zote, tangu ya kwanza. Huko zilikotoka zilikuwa zinapelekea watu chakula majumbani. Zilipochoka zikapigwa kijivu, zikaletwa huku na hotuba. Nimeshafunika kuku mia mbili na kumi, Mlekwa. Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Nakwambia wewe kwa sababu umemuona, na kwa sababu ni wewe. Likitoka hapa, mimi nimekwisha."

"Ngwali," nikamwambia, nikamshika bega, "umeliambia jiwe."

Akacheka, akampiga kuku praima.

Jumanne mchana nikaenda kumtazama chui wangu. Nilikuta kijiwe kizima kimesimama pale karakana, na kimenyamaza ule unyamazaji wa watu walioshika matumbo. Kwenye tangi langu kulikuwa na bata mzinga. Bata mzinga mzima, mkia umetandazwa, kifua mbele. Shingo yake ilishuka upande wa kushoto, pale goti linapokaa, nayo ilikuwa na rangi isiyo na jina, si zambarau wala si buluu, kama kidonda kilichopambwa kwa ajili ya harusi.

"Fundi," nikasema kwa upole, "chui yuko wapi?"

"Chui hakuja," akasema Ngwali.

"Na huyu nani?"

"Huyu wewe. Anavimba, anapendeza, ana sauti. Ukimkemea anapungua. Mimi nampenda sana huyu, Mlekwa. Sijawahi kumchora mtu vizuri hivi."

Kombo alicheka mpaka akakaa chini kwenye mafuta machafu. Mzee Shaame alipiga tarumbeta ya mdomo. Hata mbuzi wa jirani alisimama.

Mimi sikukasirika. Liandikwe hilo. Ngwali alitaka pikipiki ibaki kwake mpaka kesho, nikasema hapana, nitaitunza mwenyewe. Nikaisukuma, ninasema niliisukuma, sikuipanda, mpaka nyumbani, nikakaa nayo uani saa ishirini na nne nikimfukuzia inzi kwa gazeti. Kwenda kokote sikwenda. Ile ofisi ya Dokta Kibwerere, kwa mfano, mimi hata mlango wake sijui kama unasukumwa au unavutwa.

Unavutwa.

*

Jumatano asubuhi, kabla Ngwali hajafungua kopo la vanishi, walifika watu saba, kila mmoja na fomu yake. Wa kwanza alimkamata, wa pili akathibitisha kwamba amekamatwa, wa tatu akauliza kama kuna aliyeona, wa nne akawatawanya walioona. Kosa lake lilisomwa kwa sauti: Kugundua Rangi ya Chini Bila Kibali.

Jioni ile Dokta Kibwerere, ambaye usiku mmoja tu alikuwa amepandishwa kuwa Mkurugenzi wa Ulinzi wa Rangi ya Kiwandani, alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi, kuna mtu anasema eti chini ya kijivu kuna kitu. Chini ya kijivu hakuna kitu. Na kitu hicho kisichokuwepo ni siri ya Taifa! Mtu huyo amediriki kuhesabu kuku mia mbili na kumi. Nataka niwahakikishie, kuku hao hawapo, na idadi yao siyo hiyo."

Tulishangaa wote. Amejuaje habari za kuku? Amejuaje idadi? Nikawaambia wenzangu, nchi yetu ina wataalamu.

Ikaja Operesheni Rudisha Kijivu. Kila pikipiki ilitakiwa kuthibitisha kwamba ina rangi ya kiwandani. Kuthibitisha, unapeleka kipande cha rangi kisichopungua ukucha wa kidole gumba, ndani ya bahasha. Lakini ukishabandua kipande, pikipiki yako haina tena rangi kamili ya kiwandani, kwa hiyo imeshindwa ukaguzi, kwa hiyo lazima ipigwe kijivu upya. Hakuna iliyofaulu. Dokta alisema hiyo inaonyesha jinsi tatizo lilivyokuwa kubwa.

Na nani wa kuzipiga kijivu? Katika nchi nzima aliyejua kupuliza rangi isitiririke alikuwa mmoja. Basi wakamtoa Ngwali rumande, wakamvika suruali fupi ya kijivu, wakampa bomba lake mwenyewe na askari wa kumlinda. Akawa anazunguka kijiwe hadi kijiwe, anafuta kazi ya mikono yake. Aliwafunika mmoja mmoja. Kobe wa Mzee Shaame alimaliziwa ukucha baada ya ukucha, mzee amesimama pembeni amevua kofia kama mtu aliye makaburini.

Siku ya kiganja cha mkunga, Ngwali alisimama muda mrefu. Askari akamwambia, "Puliza, kaka, jua kali." Akapuliza. Wiki ile ile mama mmoja wa Kichangani alizalishwa na fundi bomba. Mtoto walimwita Koki, ni mzima. Mtoto wa jirani yake hakuwahi kupewa jina.

Pikipiki yangu tu haikuguswa. Ni bahati. Nilipata barua yenye mihuri mitano kwamba bata mzinga abaki alivyo "kwa madhumuni ya mafunzo." Nilijifunza nini sijui, lakini barua ninayo.

*

Hukumu ya Ngwali ilikuwa na mlango mmoja mdogo. Kulikuwa na kitu kinaitwa Fomu ya Aliyekuwepo. Mtu aliyekuwepo karakana siku rangi ya chini ilipoonekana akisaini kwamba haikuonekana, na kwamba fundi hakusema neno, mtuhumiwa anaachiwa. Fomu ilikuwa inaisha muda Jumamosi adhuhuri. Baada ya hapo, Ngwali anapelekwa miaka saba kwenye Chuo cha Kusahau Rangi, huko kisiwani, ambako madirisha yamepakwa chokaa na waliorudi hawawezi kukuambia nyasi zina rangi gani.

Aliniletea fomu mwenyewe, Jumatano ya wiki ile ya mwisho, askari nyuma yake anakula mhogo.

"Ni wewe peke yako, Mlekwa," alisema. "Wengine wote nilipiga msasa wakiwa wamelipa tangi mgongo. Saini tu."

Bahati mbaya kalamu yangu ilikuwa imeisha wino.

"Haya, kesho," akasema.

Alhamisi mkono ulikuwa unaniuma. Ijumaa ilikuwa sikukuu ya kuadhimisha siku Mlezi alipopona mafua, na sikukuu mtu hasaini. "Haya, kesho," Ngwali akasema tena, na kila mara alinipa mkono, na kila mara mkono ule ulikuwa umebadilika, zile rangi saba zimekwisha, umebaki kijivu mpaka kwenye kucha.

Usifikiri nilikaa bure. Kijiweni watu walikuwa na hasira, wakasema lazima tumjue aliyemchoma Ngwali. Ikaundwa Kamati ya Kumtafuta Msaliti. Mwenyekiti wakanichagua mimi, kwa sababu naongea vizuri.

Kamati ilikaa Jumamosi asubuhi, hapo hapo Njiapanda, na Ngwali alikuwepo, maana pikipiki ya mwisho kupigwa kijivu ilikuwa ya Kombo. Fomu ilichungulia kwenye mfuko wake wa shati. Alinitazama, nikamwonyesha kwa ishara, subiri kidogo, kikao kwanza.

Nilisimama juu ya kreti la soda. "Ndugu zangu," nikasema, "msaliti ni mtu aliyecheka sana siku ile. Nani alicheka mpaka akakaa chini kwenye mafuta?"

Macho yote yakamgeukia Kombo.

"Mimi?" Kombo akaruka. "Mlekwa, una wazimu? Mimi habari za kuku nimezisikia kwa Dokta, kama nyinyi!"

"Hivyo ndivyo anavyosema mtu anayejua," nikasema.

"Wallahi sijui kitu! Ngwali amenichorea birika, kanifaa, nimchome kwa lipi?"

"Mnaona anavyochemka?"

Watu wakanguruma. Mmoja akamvuta kizibao chake cha kung'aa, mwingine akasema atolewe kijiweni, asipakie abiria tena katika mji huu. Kombo alianza kulia, mtu mzima, kamasi zinashuka. Nami nikainua mkono kupigisha kura.

Hapa ningeweza kuishia, na hadithi ingekuwa nzuri tu. Ila palikuwa na watu arobaini pale, na watu wa mji huu hawajui kunyamaza.

*

Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma ya umati, na mfuko wa plastiki kwapani. Akaomba maji. Akapewa, akanywa yote, akasema, "Shikamooni kwa walio wakubwa, marahaba kwa wanangu. Mimi naitwa Sikudhani. Nimefagia ofisi ya Dokta Kibwerere miaka kumi na tisa. Mwezi uliopita nimefukuzwa kazi kwa doa moja."

"Pole, mama," nikasema, "lakini tuna kikao."

"Sitachelewa, mwanangu."

Akafungua mfuko, akatoa taulo. Ni lile taulo jeupe ambalo wakubwa huliweka kwenye mgongo wa kiti, ili watu wajue kiti kina mwenyewe. Katikati ya weupe wake kulikuwa na mpako wa rangi, mpana kama goti.

"Nimelifua kwa sabuni, nimelifua kwa mafuta ya taa, nimelichemsha. Doa halitoki," akasema. "Nikasema rangi hii ina mtu wake. Nimezunguka vijiwe vyote vya mji huu, kila pikipiki kijivu, kijivu, kijivu. Hapa ndiyo mara ya kwanza naona kitu kina rangi."

Akapita katikati ya watu, taratibu, mpaka kwenye pikipiki yangu. Akalitandika taulo juu ya tangi, kando ya shingo ya bata mzinga.

Kijiwe kizima kikasogea kuangalia. Kombo akaacha kulia.

"Alikuja Jumanne alasiri," Bi Sikudhani akasema, "anahema kama aliyefukuzwa na nyuki. Akausukuma mlango mara tatu, mimi nikamwambia, mwanangu, unavutwa. Akaingia, akasema, 'Nina malalamiko ya mteja.' Niliendelea kupiga deki, sikuwa na haja ya kusikia, lakini alikuwa na sauti. Alisema kuku. Alisema mia mbili na kumi. Dokta akatoka kwenda kutafuta fomu, na yeye akaliona goti lake lina rangi, akajipangusa kwa taulo la bosi." Akainua macho, akanitazama kwenye kreti langu la soda. "Hujambo, mwanangu?"

Nikacheka kidogo. "Mama, rangi hizi hufanana. Rangi ni rangi. Katika nchi kubwa kama hii..."

Hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Wote walikuwa wanamtazama Ngwali.

Ngwali aliweka bomba chini. Alikuja mpaka kwenye pikipiki yangu, akachuchumaa kama alivyochuchumaa siku ile, akainamisha kichwa karibu na shingo ya bata mzinga aliyekosa vanishi. Pale rangi ilikuwa imevutwa kidogo kuelekea nyuma, na ndani yake ilibaki mistari mistari ya kitambaa, ile mistari ya suruali yangu ya kodrai, ambayo nilikuwa nimeivaa hata siku hiyo. Alipitisha kidole juu yake. Halafu akaitoa fomu mfukoni, akaitazama kama mtu anayesoma barua ya zamani, akalirudia bomba lake, akaanza kulipangusa mdomo kwa karatasi ile, taratibu, mpaka karatasi yote ikawa kijivu.

"Nilikwambia saa ishirini na nne, Mlekwa," akasema, bila kugeuka. "Saa ishirini na nne tu."